Chuma cha Kutoboa, Chuma cha Njumu au Shaba ya Rangi: Tsuba Yako ya Kwanza Iwe Ipi?

Mwezi uliopita mpwa wangu anayesoma Hamburg alinitumia picha tatu. "Shikamoo mjomba. Nimempata muuza vitu vya kale, ana hizi tatu, na hela yangu inatosha moja tu. Nichukue ipi?"

Ya kwanza ilikuwa chuma cheusi kilichotobolewa kikabaki na umbo la bata bukini wawili wakiruka. Ya pili chuma pia, lakini kimetambaliwa na mizabibu ya dhahabu. Ya tatu haikuwa chuma kabisa: bamba lenye weusi wa unyoya wa kunguru aliyenyeshewa, na juu yake maua ya dhahabu na fedha yameinuka kama yamechipuka usiku ule.

Nilimuuliza kitu kimoja: "Ukizisahau hizo picha, ukabaki na madini matupu mkononi, ipi bado unaitaka?" Akanyamaza siku mbili. Haya ninayoandika ni jibu refu la swali lake, kwa sababu najua hayuko peke yake. Wengi wanaoanza kukusanya tsuba hukwama hapo hapo, kati ya hizi tatu.

Kwa asiyeijua, tsuba ni kikingio cha upanga wa Kijapani, bamba linalokaa kati ya mpini na bapa. Huuzuia mkono usiteleze kuelekea makali, na uzito wake husaidia upanga kukaa sawa mkononi. Upanga wa Kiomani tunaouona kwenye ngoma ya razha, wenye mpini mrefu wa mviringo, hauna kitu kama hiki, kwa hiyo kwa macho ya pwani tsuba ni jambo geni kidogo. Ya upanga mrefu huwa na upana wa sentimita 7 na nusu hadi 8 hivi. Ya upanga mfupi ni ndogo zaidi. Katikati pana tundu la kupitisha msuka, yaani mkia wa bapa unaoingia ndani ya mpini. Kando yake mara nyingi pana matundu mengine madogo, moja au mawili, ya kisu kidogo na kijiti cha chuma vilivyobebwa ubavuni mwa ala. Eneo la kuzunguka tundu la msuka huachwa bila nakshi kwa kuwa hufunikwa na washa (vibamba vyembamba vya kubana), na ndipo fundi anapochonga jina lake, akipenda kulichonga.

Zimefikaje mikononi mwa watu wa mbali? Upanga wa Kijapani huvuliwa na kuvikwa upya: mpini, ala na tsuba hubadilishwa kwa hafla, kwa cheo, kwa mtindo. Kwa hiyo hata zamani tsuba zilikuwa na maisha yao nje ya upanga. Kisha tarehe 28 Machi 1876 serikali mpya ya Japani, ya zama za Meiji, ikapiga marufuku kuvaa panga hadharani, isipokuwa kwa wanajeshi, polisi na maofisa waliovaa rasmi. Vifaa vya panga vikauzwa kwa wingi, na meli zikavipeleka Ulaya na Marekani. Ndiyo maana leo mtu anaweza kununua tsuba peke yake, bila upanga.

Tuzipime kwa lipi

Kabla ya kulinganisha, tukubaliane vipimo. Cha kwanza ni mkono na jicho: ukiishika, ukaigeuza kwenye mwanga wa dirishani, inakupa nini? Cha pili ni uhalisi, yaani ni rahisi kiasi gani kwa mtu asiye bingwa kutambua kwamba anauziwa kitu cha kusubu, yaani kilichomiminwa kwenye kalibu, au kitu cha juzi kilichozeeshwa. Cha tatu ni matunzo, na hapa sisi wa pwani tuna adui wetu, hewa ya chumvi. Cha nne ni bei na upatikanaji. Cha tano, ambacho wengi hukisahau, ni elimu: kitu hiki kimoja kitakufundisha mambo gani?

Sijauweka uzuri wa picha miongoni mwa vipimo, na nimefanya hivyo makusudi. Joka, mzee chini ya msonobari, mpanda farasi vitani: hayo humvuta mnunuzi siku ya kwanza. Baada ya mwaka anakuwa ameyazoea. Madini ndiyo anayoishi nayo, kwa hiyo nashauri uchague madini kwanza, picha baadaye.

Chuma kilichotobolewa (sukashi)

Hapa fundi alichukua bamba la chuma kilichofuliwa, akalikata kwa tindo na tupa. Wakati mwingine picha ndiyo tundu lenyewe, kama kivuli. Wakati mwingine usuli wote huondolewa, picha ikabaki imeshikana na ukingo kwa ncha za mabawa au majani. Kazi ya namna hii ya pili ilistawi katika zama za Muromachi, kati ya mwaka 1336 na 1573, ikaendelea kwa karne zilizofuata katika miji na majimbo mbalimbali.

Mkononi na machoni. Chuma kizuri cha zamani hakina weusi wa masizi. Kina weusi unaoelekea kahawia au zambarau, na uso wake una uhai wa nyundo. Zile za Owari, eneo la Nagoya ya leo, ni nene na zenye nguvu, na ukingoni mara nyingi huonekana vinundu vya chuma kigumu zaidi ambavyo Wajapani huviita tekkotsu, mifupa ya chuma. Vidole huvihisi kabla ya macho. Zile za Kyoto ni kinyume: mistari myembamba, mipole, kama mwandiko wa mtu mwenye subira. Kuna pia Akasaka, mtaa wa Edo (Tokyo ya leo), na Higo, eneo la Kumamoto, ambako bwana Hosokawa Tadaoki, mpenzi mkubwa wa sherehe ya chai, alilea mafundi wa aina yake. Hayashi Matashichi, anayehesabiwa miongoni mwa wakuu wa Higo, alitoka kwenye ufundi wa bunduki, na chuma chake husifiwa kwa ulaini wa ngozi yake.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni muundo uitwao namako, yaani jongoo bahari, unaohusishwa na Miyamoto Musashi, mpiga upanga aliyefariki Kumamoto mwaka 1645. Ni mashimo mawili marefu ya mviringo, kulia na kushoto kwa msuka, basi. Mwenzangu aliyekulia Kilwa, ambaye amewaona majongoo wakianikwa tangu utotoni, hakuhitaji maelezo: aliyatambua papo hapo. Ndivyo sukashi inavyofanya kazi. Inasema kidogo na kukuachia wewe umalizie. Mtu anayetaka kitu cha kumshangaza mgeni sebuleni anaweza kuiona kavu.

Uhalisi. Hapa mwanagenzi ana bahati, kwa sababu ushahidi mwingi upo wazi. Angalia kuta za ndani za matundu kwa kioo cha kukuzia. Zilizokatwa kwa tindo na tupa zina nyuso nyoofu, pembe zilizo wazi, na mara nyingine mikwaruzo ya tupa. Zilizosubiwa kwenye kalibu zina pembe za mviringo kama sabuni iliyotumika, vichunusi vya mchanga, au mstari mwembamba pale vipande viwili vya kalibu vilipokutana. Angalia pia tundu la msuka. Tsuba iliyowahi kuvaliwa mara nyingi ina alama za tindo pembeni mwa tundu hilo, zilizopigwa ili libane, au vipande vya shaba nyekundu vilivyochomekwa juu na chini ili ikae vizuri kwenye upanga mwingine. Wazee wa kazi hii pia huitundika kwa uzi na kuigonga kwa ukucha: chuma kilichofuliwa hulia, cha kusubu huwa na sauti nzito. Kipimo hicho nimekitumia na kinasaidia, lakini nisingetoa hela kwa sauti peke yake.

Matunzo. Hapa ndipo chuma kinapotudai. Mwaka mmoja niliacha tsuba yangu ya chuma kwenye rafu karibu na dirisha linaloelekea bahari, masika ikanikuta nikiwa safarini. Niliporudi baada ya wiki tatu nilikuta madoa mekundu mahali pawili, na mojawapo lilikuwa juu ya bawa, pale pembamba kabisa. Kutu nyeusi iliyotulia ni rafiki, ndiyo ngozi yenyewe ya chuma. Kutu nyekundu inayoacha unga kidoleni bado inakula. Dawa yake ni kipande cha mfupa au pembe ya ng'ombe iliyochongwa ncha, kukwangua polepole mahali palepale tu, kisha kusugua kwa kitambaa cha pamba, leo kidogo, kesho kidogo. Ilinichukua miezi minne, na alama moja ingali hapo. Zamani Wajapani walitumia pia pembe ya ndovu. Hatuna haja wala ruhusa ya kuigusa, na mfupa wa supu uliochemshwa ukakauka hufanya kazi ileile. Usitumie waya wa kusugulia sufuria, usitumie tindikali, usitumie msasa hata ule laini. Vitu hivyo huondoa kutu pamoja na miaka mia tatu.

Kwa kila siku, mpapaso wa kitambaa cha pamba kikavu unatosha. Mjini Nairobi au Arusha utapumua. Tanga, Mombasa, Unguja au Muscat, iweke kwenye boksi linalofunga vizuri, pamoja na vile vifuko vya chembe za kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vipya, na uvikaushe mara kwa mara.

Bei na upatikanaji. Ziko nyingi. Isiyo na jina la fundi, ya kawaida, yenye hali nzuri, hupatikana kwa mamia machache ya dola. Ikiwa na cheti na ikahusishwa na karakana inayoheshimiwa, bei hupanda mara kadhaa. Kazi za wakuu ni habari nyingine kabisa.

Elimu utakayoipata ni ya chuma chenyewe na ya mpangilio. Utajifunza kutofautisha karakana kwa unene, kwa ukingo, kwa umbo la matundu ya pembeni. Ni elimu ya pole pole, na mwanzoni zote zitafanana machoni pako. Inamfaa mtu mwenye subira, anayependa kushika kuliko kutazama, na anayeishi penye hewa kavu au aliye tayari kuwa mtumwa wa boksi lake.

Shaba za rangi (kinko)

Mtu aliyewahi kukaa kwenye kibaraza cha sonara, Mombasa au Unguja, ataingia hapa bila kubisha hodi. Hizi ni kazi za madini laini, na siri yake kubwa ni mchanganyiko. Shakudo ni shaba nyekundu iliyotiwa dhahabu kidogo, kwa kawaida asilimia chache tu. Ikitoka kwa fundi mbichi inafanana na shaba ya kawaida. Kisha husuguliwa kwa figili nyeupe iliyokunwa, ikachemshwa kwenye maji yenye chumvi za shaba, na pale ndipo weusi wa buluu unapojitokeza. Hiyo si rangi iliyopakwa. Ni ngozi iliyoota kutoka ndani ya madini. Shibuichi, ambayo jina lake lina maana ya robo, ni shaba yenye fedha, na hutoa kijivu cha ukungu wa alfajiri. Ongeza shaba nyekundu tupu, shaba ya manjano, dhahabu na fedha, na fundi ana sanduku zima la rangi bila kugusa brashi.

Mkononi na machoni. Ukoo wa Goto ndio uliotawala kazi hii. Mwanzilishi wake, Goto Yujo, aliishi kati ya 1440 na 1512, na kizazi baada ya kizazi walihudumia watawala hadi zama za Meiji. Alama yao ni usuli wa nanako, mayai ya samaki: vipunje vidogo mno vilivyopigwa kimoja kimoja kwa tindo yenye ncha ya kikombe, safu baada ya safu, juu ya shakudo. Hebu fikiria uso wa sentimita 7 uliojaa vipunje, na mkono uliokosea mara moja ukaharibu safu. Goto wenyewe walijulikana zaidi kwa vifaa vidogo vya upanga kuliko tsuba, lakini mtindo wao uliweka kipimo kwa wote.

Baadaye wakaja mafundi wa mjini, walioacha ukali wa kazi ya kiserikali. Yokoya Somin, aliyefariki mwaka 1733, alichonga kwa mipigo ya tindo iliyolazwa upande mmoja, mstari ukapanuka na kupungua kama wino wa brashi. Tsuchiya Yasuchika na wenzake wa mkondo wa Nara walileta hadithi na ucheshi. Mwishoni kabisa alikuwepo Kano Natsuo, 1828 hadi 1898, ambaye serikali ya Meiji ilimpa kazi ya miundo ya sarafu mpya za Japani. Nikiitazama kazi ya mkondo huu chini ya kioo, kila mara napata kitu sikukiona jana: mshipa wa jani, jicho la ndege.

Uhalisi. Hapa lazima tupunguze kasi. Usuli wa nanako husaidia: kwenye kazi ya kweli kila kipunje kina mpaka wake, kwenye nakala ya kusubu vipunje vimeyeyukiana. Weusi wa kupakwa huchubuka kama rangi ya mlango. Hayo ni rahisi. Kigumu ni kile ambacho si bandia wala si kile unachoambiwa. Baada ya panga kupigwa marufuku, mafundi wenye njaa walitengeneza vitu vya kuwauzia wageni bandarini Yokohama, na Wajapani huviita hamamono, bidhaa za Yokohama. Ni vya kale, ni vya Kijapani, vingine ni vizuri sana, ila havikuwahi kukaa kwenye upanga: tundu la msuka ni safi, halina alama hata moja, na mapambo yamejazwa kila pembe. Ukiipenda kwa uzuri wake, nunua kwa bei yake. Usiinunue kwa bei ya kitu cha samurai.

Ongeza hapo majina. Somin, Yasuchika na Natsuo wamechongwa kwenye tsuba nyingi ambazo mikono yao haikuzigusa. Kwa mnunuzi wa kwanza, jina kubwa kwenye kitu cha bei ndogo ni sababu ya kurudisha mkono nyuma. Tsuba nzuri isiyo na jina ni salama zaidi.

Matunzo. Shakudo haili kutu kama chuma, na pwani hilo ni nafuu kubwa. Lakini ina woga wake: jasho la vidole na bidii ya mtu msafi. Dakika mbili za dawa ya kung'arishia shaba zitaondoa ngozi iliyokaa miaka mia mbili, na anayejua kuirudisha ni fundi wa nadra. Ishike ukingoni tu. Mwambie kila mtu nyumbani, hasa anayependa kufuta vumbi, kwamba kile kitu cheusi hakitakiwi king'ae. Vumbi liondolewe kwa brashi laini.

Bei na upatikanaji. Za shaba nyekundu au ya manjano, za kawaida, zipo kwa bei inayokaribiana na chuma cha kawaida. Shakudo yenye nanako safi na dhahabu isiyolika iko juu zaidi, na kila mkwaruzo unaipunguzia thamani kwa sababu uso wake hausamehe.

Elimu yake ni ya hadithi na alama: utalazimika kujua miungu ya bahati, mashairi, maua ya kila mwezi, visa vya Kichina vilivyoingia Japani. Inamfaa anayependa kusoma picha, mwenye macho ya usonara, na mkazi wa penye unyevu asiyetaka kuamka usiku kwa hofu ya kutu.

Chuma cha njumu (zogan)

Njumu tunaijua pwani: dhahabu, fedha au shaba iliyochomekwa ndani ya kitu kingine. Wajapani waliifanya kwa njia mbili hasa, na kuzitofautisha ni nusu ya kazi. Katika njia ya kwanza fundi huchimba mfereji kwenye chuma, mpana zaidi chini kuliko juu, kisha huusukumia shaba au dhahabu ndani kwa nyundo mpaka ikwame. Katika njia ya pili huchanja uso wa chuma kwa mikwaruzo inayopishana kama kitambaa, na jina lake, nunome, linatokana na hiyo. Kisha hulaza karatasi ya dhahabu juu na kuigonga ishike. Ya kwanza hudumu. Ya pili ni nyepesi na hulika.

Mkononi na machoni. Unapata vyote viwili, giza la chuma na mwako wa dhahabu. Ziko za zamani zenye shaba ya manjano, kama zile zinazoitwa Onin na Heianjo, mimea na alama zikitapakaa juu ya chuma kwa uhuru ambao mimi naupenda sana. Ziko za Hikone zenye jina la Soten, uwanja mzima wa vita umechongwa kwa kutoboa, nyuso zikatiwa dhahabu na fedha.

Na ziko nanban, neno ambalo Wajapani waliwaita watu waliofika kwa njia ya kusini: majoka yaliyopindana na mizabibu, yamechimbwa hadi chini ya migongo yao, na dhahabu juu. Wareno walifika Tanegashima mwaka 1543. Njia yao ya bahari ni ileile iliyokuwa ikipita Malindi na Msumbiji kuelekea Goa, Makao na baadaye Nagasaki, na mwaka 1579 Mwafrika aliyekuja kuitwa Yasuke alifika Japani na wamisionari, akaishia kumtumikia mbabe wa vita Oda Nobunaga. Sisemi tsuba za nanban zina uhusiano na Afrika Mashariki. Nyingi ni kazi za baadaye, zenye athari ya Uchina na ya Waholanzi. Lakini nikiishika moja najikuta nikiifikiria bahari ileile.

Uhalisi. Njumu ya mfereji ina ushahidi wake: pale kipande kilipodondoka utaona mfereji mtupu wenye kuta. Kwenye nunome iliyolika utaona michanjo ya msalaba kwenye chuma. Dhahabu iliyopakwa haiachi michanjo. Ugumu uko kwenye majina. Jina la Soten limechongwa kwenye kazi nyingi mno za wafuasi na waigaji, nyingine zikiwa za haraka. Chukulia jina hilo kama jina la mtindo, kisha uliza: nyuso za watu zina uhai? Chini ya matawi pamechongwa, au pameachwa?

Matunzo. Huu ndio mtihani mgumu kuliko ile mingine miwili, kwa sababu chuma kinataka kusuguliwa na dhahabu haitaki. Kutu ikianzia chini ya nunome huisukuma dhahabu juu, na ukikwangua kutu unakwangua dhahabu. Kwa hewa ya bahari ningefikiri mara tatu.

Bei na upatikanaji. Zipo nyingi, hasa nanban na Soten za kawaida, na mara nyingi ndizo anazoonyeshwa mnunuzi mgeni kwa sababu zinavutia haraka. Ambazo dhahabu yake imelika huuzwa kwa bei ndogo, na kwa mwanafunzi hizo ni mwalimu mzuri: zinaonyesha jinsi zilivyotengenezwa. Zinamfaa asiyeweza kuamua kati ya chuma na dhahabu, mpenda historia ya biashara ya bahari, na anayekaa penye hewa kavu.

Kuhusu vyeti

Chombo kinachotajwa zaidi ni NBTHK, jumuiya ya Kijapani ya kuhifadhi panga za sanaa, iliyoanzishwa mwaka 1948 na yenye makumbusho yake mtaa wa Sumida, Tokyo. Vyeti vyake vya sasa hupanda kutoka Hozon hadi Tokubetsu Hozon, kisha Juyo na Tokubetsu Juyo. Vile vya mfumo wa zamani havibebi uzito uleule machoni pa wakusanyaji. Cheti huwa na picha, kwa hiyo linganisha picha na kitu, tundu kwa tundu. Kwa tsuba yako ya kwanza, Hozon inatosha sana, lakini hata isiyo na cheti si dhambi ikiwa bei ni ya kukubali kukosea.

Kwa hali yako

Unaishi karibu na bahari na unasafiri mara kwa mara: anza na shaba za rangi. Hata ya shaba nyekundu tupu yenye mchongo mchache itakungoja ukiwa safarini.

Una hela kidogo na muda mwingi: chuma cha kutoboa kisicho na jina. Ndicho chenye ushahidi ulio wazi zaidi, na makosa yake ni ya bei nafuu.

Unamnunulia mtu zawadi, na hana elimu ya mambo haya: njumu au shaba, kwa sababu atahitaji kuipenda bila kufundishwa. Mpe na karatasi yenye maneno "usiing'arishe".

Huwezi kuishika kabla ya kununua, unategemea picha za simu: omba picha ya tundu la msuka kwa karibu, ya ukingo kwa ubavu, na ya kuta za ndani za matundu. Muuzaji asipotaka kuzipiga, mwache. Kwenye shakudo picha hudanganya zaidi, kwa kuwa weusi wa buluu hubadilika na taa.

Unataka siku moja uuze: nunua hali, usinunue jina. Kitu kizima cha karakana ya kawaida hupata mnunuzi haraka kuliko kilichochubuka chenye jina la kutiliwa shaka.

Unaikusudia iwe moja tu maisha yako yote, hutaki mkusanyo: hapo vipimo vyangu havina nguvu sana. Ichukue ile ambayo mkono wako ulichelewa kuirudisha mezani.

Mpwa wangu bado hajanunua. Nilimwambia aende kwanza Museum für Kunst und Gewerbe hapo hapo Hamburg, ambako mkurugenzi wake wa kwanza, Justus Brinckmann, alikusanya tsuba kwa wingi, na Mjapani Hara Shinkichi akazichambua moja moja miaka zaidi ya 100 iliyopita. Atarudi Tanga baada ya miaka miwili, kwa hiyo kwa akili ya kawaida ningemwambia achukue yale maua ya shakudo. Lakini jana usiku alinitumia ujumbe mwingine: "Mjomba, wale bukini siwezi kuwasahau." Asubuhi nimekwenda kwa seremala kuulizia boksi la mbao lenye kifuniko kinachobana.